Sikio la Kusikilizia Mashine

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, Bi Randa alifanya mambo matatu. Alifunga kitambaa kichwani mpaka nywele zote ziingie ndani. Alikunja mikono ya vazi lake la kazi na kuibana kwa mpira, maana mashine ya randa ikishika nguo, inashika na mkono. Kisha alichukua pamba kidogo, akaiviringisha, akaitia katika sikio la kushoto.

Sikio la kulia aliliacha wazi.

"Hili ni la kusikilizia mashine," alimwambia kila mfanyakazi mgeni.

Alikuwa na sababu. Mashine ya randa ni meza ya chuma yenye visu vinavyozunguka kwa kasi. Ubao huingia upande mmoja ukiwa na miiba, ukatokea upande wa pili ukiwa laini. Visu vikiwa vikali, mashine huimba. Vikianza kuwa butu, huguna. Bi Randa aliujua mguno huo kabla jicho la mtu yeyote halijaona kasoro kwenye mbao. Alikuwa amesimama kwenye mashine hiyo miaka kumi na mitatu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Nyuma yake, hatua tano hivi, alifanya kazi fundi wa msumeno. Watu walimwita Tisa, kwa hesabu ya vidole vyake.

Siku moja karakana ililetewa mbao kuukuu kutoka kwenye jengo lililobomolewa. Bi Randa aliingiza ubao wa kwanza, ukatoka vizuri. Akaingiza wa pili. Tisa aliinua macho akaona kichwa cha msumari upande wa chini wa ubao ule.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima! Bi Randa, zima!"

Msumeno ulikuwa unanguruma. Feni ya kuvuta vumbi ilikuwa inanguruma. Bi Randa hakugeuka. Kisu kikakutana na msumari, kikavunjika, na kipande chake kikaruka na kujikita kwenye fremu ya dirisha, shubiri moja kutoka shavu la Tisa.

Mashine zote zilizimwa. Tajiri, mwenye karakana, alitoka ofisini akiwa bado ameshika kalamu.

"Amekuita mara tatu," alisema.

"Sikusikia."

"Mara tatu, mama! Mimi nimesikia nikiwa nyuma ya mlango."

"Nimesema sikusikia, bosi."

Tajiri aliutazama ule mpasuko kwenye fremu, kisha akautazama uso wa Tisa, ambao ulikuwa umepauka. "Kesho nenda kapimwe masikio. Mpaka nione karatasi, hugusi mashine. Utapanga mbao."

Kesho yake Bi Randa alikwenda zahanati. Muuguzi alimkalisha katika chumba kidogo kisicho na dirisha, akamvika vipaza sauti vya masikioni, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Milio ilikuja mmoja mmoja, mikubwa, midogo, hata midogo kama sindano inayoanguka sakafuni. Aliinua mkono kila mara.

"Masikio yako ni mazima," muuguzi alisema. "Yanayashinda ya kwangu." Akaandika, akapiga muhuri.

Bi Randa aliondoka na furaha. Furaha hiyo iliishia mlangoni kwa tajiri.

"'Usikivu wa kawaida, masikio yote mawili,'" tajiri alisoma. Aliiweka karatasi mezani taratibu. "Kumbe unasikia. Basi kwa nini hukuzima?"

"Sijui."

"Ungekuwa kiziwi ningekuelewa. Huu sasa ni uzembe. Endelea kupanga mbao. Mwisho wa mwezi nitaweka mtu mwingine kwenye randa."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nyumbani karatasi ile haikupokelewa vizuri zaidi. Bi Randa aliishi na mume wake, ambaye alikuwa fundi cherehani, na mama mkwe. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Rafuni palikuwa na redio ambayo mume aliiwasha alfajiri na kuizima wakati wa kulala. Cherehani ilikuwa chini ya rafu hiyo. Mama mkwe alikuwa na sauti ya chini. Hakupenda kurudia maneno, na alipenda kuzungumza jikoni, mafuta yakiwa yanachemka.

Kwa miaka miwili alikuwa na lalamiko moja: mke wa mwanawe alimdharau. Akimwambia jambo, hajibu. Akimtuma, hasogei. Lakini mgeni akiingia, redio ikapunguzwa sauti, wakakaa wawili sebuleni, huyo huyo anazungumza kama chiriku.

"Nisomee hiyo karatasi," alimwambia mwanawe.

Mwanawe alisoma.

"Haya. Sasa imeandikwa, na muhuri umepigwa," mama mkwe alisema. "Ananisikia vizuri. Anaamua tu kuniacha nizungumze na sufuria."

"Mama, mimi sijawahi..." Bi Randa alianza.

"Hili umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Unaona!"

Siku ya nne alikuja shemeji yake, mdogo wa mume, aliyekuwa akitengeneza simu. Shemeji alisoma kila kitu kilichopita kwenye kioo cha simu, na alisoma haraka.

"Shemeji, shida yako imekwisha," alisema, akatoa mfukoni chupa ndogo yenye mfuniko wa mpira. "Nimesoma jana. Wanasayansi wamepata dawa inayootesha neva za sikio. Panya waliopigiwa kelele wamesikia tena. Na mimi nimeipata kwa bwana mmoja anayeuza dawa kwenye begi. Matone matatu asubuhi, matatu jioni."

Bi Randa alifikiria mwisho wa mwezi. Akalala mkekani, sikio la kulia likiwa juu. Mume wake akapiga magoti na kuvuta dawa kwa mrija mdogo wa kudondoshea.

"Ngoja," Bi Randa alisema. "Imeandikwa nini hiyo chupa?"

"Imechorwa sikio," mume alisema.

"Nimeuliza imeandikwa nini."

"'Nguvu ya Neva.'"

"Na ndani mna nini?"

Mume aliigeuza chupa huku na huku. "Nguvu ya neva," alisema.

Bi Randa akaketi. "Karakanani kopo la gundi lisilosema limetengenezwa na nini hatulifungui. Na gundi hupakwa mti tu, si sikio. Iondoe."

"Shemeji, mimi nahangaika kwa ajili yako!" shemeji alilalamika.

"Najua, shem. Lakini karatasi ya zahanati ina jina, tarehe na muhuri. Hii ina mchoro wa sikio."

Mume aliichukua karatasi ya zahanati ili ailinganishe na chupa, na ndipo alipoigeuza. Kwa siku tatu hakuna aliyekuwa ameitazama nyuma. Muuguzi alikuwa ameandika kwa mkono: *Tatizo likiendelea, nenda kwa mpimaji wa usikivu, hospitali kubwa. Fuatana na mtu wa nyumbani.*

"Mimi nina sare za shule za kumaliza Ijumaa," mume alisema.

"Nitakwenda mimi," mama mkwe alisema. "Nataka nijisikilizie mwenyewe."

Mpimaji wa usikivu alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Hakuanza na mashine zake. Alianza na maswali.

"Ukikaa na mtu mmoja mahali pa kimya, unamsikia?"

"Vizuri kabisa."

"Na sokoni?"

Bi Randa alifikiri. "Sauti nazisikia. Maneno siyapati."

"Masikio yanakulilia?"

"Jioni, baada ya kazi. Kama mbu aliye mbali. Asubuhi huwa ameondoka."

"Kazini unavaa nini masikioni?"

"Pamba. Sikio la kushoto."

"Na la kulia?"

"La kulia ni la kusikilizia mashine."

Mpimaji aliandika bila kutabasamu. "Pamba inazuia vumbi, mama. Kelele inapita. Na hilo la kulia huliwekei hata pamba. Sasa tutapima kwa njia nyingine."

Safari hii hapakuwa na milio. Kutoka kwenye vipaza sauti vya masikioni ilitoka zogo kama la watu wengi wakizungumza kwa pamoja. Katikati yake, sauti moja ilisema sentensi fupi. Kazi ya Bi Randa ilikuwa kuirudia. Zilikuwa sentensi ishirini. Alirudia nane kwa usahihi. Zilizobaki alizisikia kama za mtu aliyezibwa mdomo kwa mto.

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, mkoba magotini.

"Na mimi nipime hicho hicho," alisema.

"Una umri gani, mama?"

"Chukua miaka ya mwanangu, uongeze ishirini na mmoja. Nipime."

Mama mkwe alirudia sentensi kumi na tano. Mpimaji aliziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Kumi na tano. Nane. Mama mkwe aliweka kidole kwenye ile nane.

"Mbona zahanati walisema ni mzima?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida.

"Zahanati hawakukosea," mpimaji alisema. "Walipima kama anasikia mlio mdogo mahali pa kimya. Anausikia. Tatizo lake halionekani kwenye kipimo kile." Akachukua kalamu, akachora kitu kilichojizungusha kama nyumba ya konokono. "Hili ndilo sikio la ndani. Humu mna seli zenye vinyweleo vidogo sana. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika. Seli inapata habari. Lakini seli haiwezi kwenda kwenye ubongo. Inaikabidhi habari kwa neva, na neva ndiyo inayopeleka."

"Inaikabidhi wapi?" Bi Randa aliuliza.

"Hapa. Kuna kiungo kati ya seli na neva. Kila seli ya kusikia ina viungo vingi, kumi hadi ishirini hivi. Kelele kubwa inaweza kuiacha seli ikiwa hai, lakini ikavunja viungo."

Bi Randa aliuangalia mchoro. Hili alilijua. "Mbao zote mbili nzima," alisema. "Kiungo kimeachia."

"Ndivyo. Na mahali pa kimya viungo vichache vinatosha. Mlio mdogo unafika, unainua mkono, unaambiwa u mzima. Penye zogo ubongo unahitaji habari nyingi kwa wakati mmoja ili utenganishe maneno na fujo. Viungo vikiwa vichache, sauti inafika, maneno hayafiki."

"Umeviona hivyo viungo vyake vilivyoachia?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana. Kwa mtu aliye hai hatuna kipimo cha kuviona. Tunakisia kutokana na dalili, na kazi yake, na hizi karatasi mbili. Dalili zake zote zinaelekea huko."

Bi Randa alitoa ile chupa mfukoni. "Shemeji yangu anasema kuna dawa ya kuviotesha tena."

Mpimaji alivaa miwani, akaisoma chupa, akavua miwani.

"Shemeji yako alisoma habari ya kweli. Hakuimaliza," alisema. "Karibu na seli za kusikia kuna seli jirani. Hizo hazisikii, kazi yao ni kuzitunza zile zinazosikia. Zinatoa protini maalumu. Protini hiyo ni kama maagizo kwa neva: kaa hapa, ota kuja huku, jiunge. Tunaiita kichocheo cha ukuaji. Wanasayansi walipowapigia panya kelele, viungo vikaachia. Wakawaongezea kichocheo hicho mapema ndani ya sikio. Viungo vingi vikarudi, na panya wakasikia vizuri zaidi."

"Basi ipo!" mama mkwe alisema.

"Ipo kwa panya. Kwa watu imeanza kujaribiwa, na majaribio bado hayajathibitisha kwamba inarudisha usikivu. Siku ikithibitika utaipata hospitali, kwa daktari. Siwezi kukutajia mwaka." Akaweka ncha ya kalamu kwenye mchoro. "Na tazama njia. Hapa katikati kuna kiwambo, kama mlango uliofungwa. Tone la dawa linaishia mlangoni. Madaktari wanaofanya majaribio hupita kiwambo kwa sindano nyembamba. Na ikiwa kiwambo kina tundu usilolijua, kitu kisichojulikana kitaingia na kuweza kuua hata seli zilizo nzima."

"Kwani humu mna nini?" Bi Randa aliuliza.

"Sijui. Hilo linatosha kuwa sababu ya kutoitia sikioni."

Bi Randa aliirudisha chupa mfukoni. Kisha akauliza lile alilokuja kuuliza. "Kwa hiyo vilivyoachia havirudi?"

"Leo hatuna dawa ya kuvirudisha. Lakini vilivyobaki vinaweza kulindwa. Kila siku unayoingia kazini na sikio wazi, unavipunguza. Yule mbu wako wa jioni akiondoka, unadhani sikio limepona. Mlio unaweza kuisha na kiungo kikawa kimeshakatika."

"Nitajuaje kelele imezidi?"

"Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe, urefu wa mkono tu, akusikie, hiyo imezidi. Vaa vifuniko vya masikio, vile vikubwa kama bakuli, masikio yote mawili. Usivivue mashine ikiwa inazunguka, hata kidogo. Pumzika mahali pa kimya. Na kazini wasikuite kwa mdomo. Watafute alama ya kuonekana."

"Na nyumbani?" mama mkwe aliuliza.

"Nyumbani, mama, mtazameni usoni mnapozungumza naye. Na zimeni redio."

Walirudi pamoja. Walipofika njia panda, mama mkwe hakukata kuelekea nyumbani. Alielekea karakanani. Akampa tajiri karatasi mbili na barua ya mpimaji, akasimama mbele yake mpaka amalize kusoma.

"Hii ya kumi na tano ni ya nani?" tajiri aliuliza.

"Yangu. Nane ni yake. Sikio lake limeharibikia hapa, kwenye mashine yako. Mimi nimemsema miaka miwili bila kujua. Wewe umemsema siku kumi. Kwa hiyo mimi ndiye mwenye deni kubwa, lakini na wewe lako ulipe."

Tajiri alijikuna shingo. "Mama, sikatai. Lakini akiziba masikio yote mawili, atajuaje visu vimekuwa butu? Ndiyo sifa yake hiyo!"

Bi Randa aliitazama mashine yake. "Nipe wiki," alisema.

Tajiri alinunua vifuniko kwa wafanyakazi wote. Pia aliita fundi umeme, akafunga taa nyekundu juu ya mashine ya randa, na swichi ya kuiwasha kando ya kila meza. Tisa alikuwa wa kwanza kuvaa vifuniko. "Vidole nimeshatoa mchango," alisema. "Masikio sitoi."

Siku mbili za kwanza Bi Randa alifanya kazi kama mtu aliyefungwa macho. Mashine ilikuwa mbali, kama inazungukia nyumba ya jirani. Mara mbili mkono wake ulipanda kutaka kuvua kifuniko cha kulia. Mara mbili aliurudisha. Siku ya tatu alitambua kwamba mguno haukuwa umepotea. Ulikuwa umeshuka tu. Tena ulikuwa kwenye ubao: kiganja chake, kikisukuma, kilihisi mtetemo mfupi usiokuwapo asubuhi. Akazima mashine.

"Visu," alisema.

Tisa alifungua, akapitisha ukucha kwenye makali. "Ni kweli," alisema. "Bado vinakunong'oneza, dada."

Wiki iliyofuata zililetwa tena mbao kuukuu. Bi Randa alikuwa amesukuma ubao mpaka shubiri mbili kabla ya visu, taa nyekundu ilipowaka. Akazima. Tisa alikuja na koleo, akang'oa msumari mrefu kama kidole chake alichopoteza, akauweka mezani kwa tajiri. Mwisho wa mwezi ulifika. Hakuna mtu mpya aliyewekwa kwenye randa.

Baada ya miezi sita Bi Randa alirudi kwa mpimaji. Zogo lile lile, sentensi ishirini. Alipata nane.

"Nane," mpimaji alisema. "Hazikuongezeka. Hazikupungua pia. Na yule mbu?"

"Haji tena."

"Vizuri. Viungo ulivyobaki navyo vinakutosha ukivitunza. Na dawa ikipatikana siku moja, itakuta bado una kitu cha kuunganishwa."

Jioni hiyo Bi Randa alikuwa jikoni akikaanga samaki. Mume alikuwa kwenye cherehani, redio ikisoma habari. Mama mkwe aliingia sebuleni, akanyoosha mkono mpaka rafuni, akazima redio katikati ya sentensi.

"Mama, nilikuwa nasikiliza!" mume alisema.

"Utasikiliza baadaye. Simamisha na hiyo cherehani."

Akaenda jikoni, akashusha kikaango, akasubiri mafuta yanyamaze. Akamgusa Bi Randa begani mpaka akageuka, wakatazamana.

"Unanisikia vizuri?" aliuliza.

"Vizuri, mama."

"Haya. Samaki wako jana walikuwa na chumvi nyingi. Na juzi pia. Na ile siku ya wageni, nilinyamaza tu." Akavuta kigoda, akaketi. "Kaa hapo. Nina maneno ya miaka miwili ambayo hukuyapata."